Maswali ya wasomaji: Wananisema kwa nguo ninazomvalisha mwanangu wa kiume

Safari hii barua nyingi zimegongana kwenye jambo moja, nguo za watoto wadogo wa kiume na watu wanaozisemea hadharani. Nimechukua nne. Zilizobaki zinafanana sana na hizi, kwa hiyo mwenye yake ajisomee humu humu. Majina nimeyatoa na barua ndefu nimezipunguza kidogo.

Shikamoo shangazi. Nina mtoto wa kiume katimiza miaka mitatu juzi juzi tu. Siku ya besdei nilimvalisha shati la pinki na pensi nyeupe, nywele zake ni ndefu sijawahi kumkata nikazibana nyuma, nikampiga picha nikaiweka mtandaoni. Kumbe nimejitafutia. Watu ambao hata sijui picha wameipataje wakaanza, huyu wa kike au wa kiume, mama unaharibu mtoto, baba yake yuko wapi. Mmoja akaandika tumkanye mama mapema kabla mtoto hajapotea. Mume wangu mwanzo alicheka lakini wenzake kazini walipomwonyesha akarudi kanuna, anataka nifute picha na mtoto anyolewe. Mama mkwe naye kapiga simu. Shangazi kwani pinki ina nini? Nalala nasoma komenti naamka nasoma komenti.

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na hapo mwisho maana ndo panaponiuma. Kabla hujamaliza kusoma hapa nenda kafunge sehemu ya komenti kwenye hiyo picha, au ipunguzie watazamaji ibaki kwa unaowajua tu. Usione umeshindwa, mlango wa nyumba unaufunga kila usiku na hakuna aliyekushinda. Hao watu hawamjui mtoto wako, hawajui anapenda nini wala analala saa ngapi, na ukiwajibu mmoja mmoja mpaka kesho hawataisha.

Pinki haina kitu. Juni 1918 huko Marekani jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto, Earnshaw's, liliandika kwamba kanuni inayokubalika kwa kawaida ni pinki kwa wavulana na bluu kwa wasichana, sababu yao ikiwa kwamba pinki ni rangi yenye nguvu zaidi na bluu imetulia, inampendeza binti. Mwaka 1927 jarida la Time likachapisha jedwali la maduka makubwa na rangi wanazoshauri, na maduka hayakukubaliana, mengine pinki ni ya mvulana mengine ni ya msichana. Yaani wauzaji wenyewe walikuwa bado wanavutana. Huu utaratibu tunaouona leo kama umeshuka na mvua ulikomaa baadaye kwenye karne ya 20, na biashara iliusukuma sana, kwa sababu familia ikishaamini kwamba nguo za dada haziwezi kurithiwa na mdogo wake wa kiume basi itanunua mara mbili.

Na nywele pia. Kuna picha ya mwaka 1884 ya mtoto wa miaka miwili na nusu kakaa kwenye kigoda, sketi yake nyeupe imetandazwa vizuri mapajani, nywele zimefika mabegani, mkononi kashika kofia yenye manyoya, miguuni viatu vyeusi vinavyong'aa. Huyo ni Franklin D. Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1933 na akachaguliwa mara 4. Hakuna aliyemshangaa. Ulaya na Marekani kwa karne kadhaa watoto wa kiume walivaa magauni mpaka walipofika miaka minne, mitano, wengine hadi saba, na sababu ilikuwa ya kinyumba kabisa: suruali za zamani zilikuwa na vifungo na kamba ambazo mtoto akibanwa na haja hawezi kuzifungua, gauni unalipandisha tu mambo yanaisha, alafu akirefuka unashusha pindo anaendelea kulivaa. Wale wavulana wakakua, wakawa wanajeshi, wakulima, mapadri, mababa wa watu. Kwa hiyo mtu akikwambia samaki mkunje angali mbichi, muulize kwa utaratibu, kwa shati la pinki anakunjwa kuelekea wapi hasa.

Wala wewe si wa kwanza kusemwa. Mwaka 2011 kampuni ya nguo ya J.Crew ya Marekani ilituma kwa wateja tangazo lenye picha ya mkurugenzi wake wa ubunifu, Jenna Lyons, anacheka na mwanae mdogo ambaye kucha za miguu zimepakwa pinki kali. Televisheni zikalijadili, kuna daktari wa magonjwa ya akili akaandika kabisa kwamba pesa za matibabu ya mtoto huyo ziwekwe akiba, na lawama nyingi zikamwendea mama. Soma tena komenti zako (ya mwisho mwisho, alafu basi), utaona ni vile vile. Anayetajwa ni mtoto, anayepigwa ni mama.

Sasa mumeo. Mi simlaumu. Alicheka kwanza, hiyo inaonyesha shati halikumsumbua, kilichomchoma ni lile swali la baba yake yuko wapi, kaulizwa mbele ya wenzake, na mwanaume akiulizwa hivo anahisi kavuliwa ubaba wake hadharani. Usimpelekee habari za rangi na historia wakati bado kanuna. Muulize walisema nini kazini, neno kwa neno, na umwache amalize. Alafu mumpeleke mtoto pamoja siku ya kununua nguo, yeye na baba yake wachague, maana baba aliyechagua shati mwenyewe analitetea mwenyewe. Nywele hizo ni uamuzi wenu wawili. Kama mtoto analia kila mkishika kitana, zikateni, hiyo ni sababu nzuri. Ila msimkalishe mtoto kwenye kiti cha kinyozi kwa sababu ya mtu msiyemjua aliyeandika usiku. Mama mkwe aongee na mwanae, wewe msalimie kwa heshima zote na hilo swali mwachie mumeo ajibu.

Na jamani msigombane mbele yake. Miaka mitatu anasikia kila kitu. Hawezi kuelewa habari za mtandao, ataelewa kitu kimoja tu, kwamba siku ya besdei yake alivaa alichokipenda na nyumba ikachafuka.

Habari shangazi. Mi ni mama mdogo. Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka minne anamvalisha kama mtu mzima, jinzi za kubana mpaka anatembea kwa shida, mkufu, miwani ya jua, kuna na tisheti imeandikwa kifuani warembo pangeni foleni. Kila wikiendi anampiga picha, anamfundisha mapozi, watu wanamsifia kweli kweli. Mimi roho inaniuma. Nikimwambia anasema nina wivu kwa kuwa sijazaa. Nimefikiria niandike kwenye komenti pale pale labda akisikia mbele za watu ataacha. Nakosea?

Usiandike. Nakuomba. Ukiandika pale, dada yako atakachosikia ni kwamba mdogo wake kamuaibisha, watu watachagua upande, na hiyo tisheti mtoto ataivaa tena wiki ijayo kwa makusudi. Na ukisoma barua iliyotangulia utaona inakuwaje ukiwa upande wa pili wa komenti.

Lakini hukosei kuumia, na hili nataka dada yako alisome pia. Barua ya kwanza watu walipiga kelele kwa rangi ambayo haimdhuru mtoto yeyote, hapa wanapiga makofi kwa vitu vinavyomdhuru kweli. Hizo jinzi za kubana, mtoto wa miaka minne kazi yake kwa siku ni kuchuchumaa, kupanda, kukimbia na kwenda chooni mwenyewe bila kumwita mtu. Nguo isiyomruhusu kuchuchumaa inamnyima kazi yake. Alafu zipu. Watoto wa kiume wanabanwa na zipu kwenye ngozi ya uume, ni ajali inayojulikana kabisa kwa madaktari, na inatokea pale pale anapokuwa na haraka, nguo imembana, na chupi ndani hakuna au imeshuka. Suruali ya lastiki kiunoni, anaivuta mwenyewe chini, anaivuta mwenyewe juu, kamaliza. Jinzi zipo ambazo mbele zinaonekana na zipu lakini ni ya urembo tu na kiunoni ni lastiki, dada yako anunue hizo kama muonekano ndo anaoupenda, hakuna atakayejua.

Tisheti ndo kubwa kwangu. Mtoto hajui kusoma. Kifuani kabeba maneno ya mapenzi ambayo watu wazima wanayasoma, wanamcheka, wanamwambia haya tuonyeshe warembo wako, na yeye anajifunza kwamba akifanya hivo watu wanafurahi. Angekuwa wa kike na maneno kama hayo kifuani hao hao wanaosifia wangeita kikao. Kwa nini mtoto wa kiume asilindwe sawa sawa? Utoto wake si mfupi zaidi kuliko wa dada zake.

Maneno kwenye nguo ya mtoto yana uzito wake. Januari 2018 kampuni ya nguo ya H&M ilimvalisha mtoto mweusi kwenye picha ya mauzo sweta la kofia lenye maneno ya Kiingereza yanayomwita nyani mwenye mbwembwe kuliko wote msituni. Dunia ikawaka, mwanamuziki The Weeknd akaachana na kampuni, Afrika Kusini waandamanaji wakaingia madukani wakavunja vitu, na kampuni ikaomba radhi na kuliondoa sweta. Hasira ile ilikuwa na haki yake, kampuni kubwa kama ile kulikuwa na watu wangapi walioiona hiyo picha kabla haijatoka. Lakini mama wa mtoto, mwenye asili ya Kenya anayeishi Sweden, aliposema yeye hakuona tatizo, moto ukamgeukia yeye, na familia ikaripotiwa kuhama walipokuwa wanakaa kwa ajili ya usalama. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Mi kila nikiikumbuka hiyo habari nawaza yule mtoto, kavaa alichopewa na watu wazima, kasimama aliposimamishwa, alafu wanahama.

Na picha za kila wikiendi. Ufaransa mwaka 2024 walipitisha sheria kuhusu haki ya mtoto juu ya picha yake, inasema wazazi wote wawili wanailinda haki hiyo kwa pamoja na mtoto ashirikishwe kulingana na umri na uelewa wake. Hata pasipo na sheria hiyo, miaka minne anaweza kuulizwa, nikupige picha? na akisema hapana ikawa hapana. Mwambie dada ajaribu mara moja aone atajibiwa nini.

Kumwambia sasa. Usimpe orodha, mtu akipewa makosa yake yote kwa pamoja anatafuta ya kwako. Chagua kitu kimoja, tisheti. Nenda siku ambayo hakuna picha, kaa na mtoto, cheza naye, msaidie dada kazi, alafu mkiwa wawili tu mwambie dada mtoto wetu anapendeza sana, ile tisheti ya maandishi inanikosesha amani kwa sababu wanaume wazima wanamtania kwa maneno makubwa. Alafu nyamaza. Akikwambia una wivu usijitetee, mwambie sawa dada, nimekwambia kwa kuwa nampenda. Uwe umembebea tisheti nyingine nzuri kuliko ile.

Shangazi shikamoo, swali fupi. Mwanangu wa miaka minne anang'ang'ania gauni la dada yake. Nyumbani namwachia dakika chache anazunguka zunguka anafurahi, lakini juzi jirani kamkuta nalo akampigia kelele utageuka msichana wewe, mtoto kalia mpaka kalala. Tangu siku hiyo anajishika shika na kuniuliza kama bado ni mvulana. Nimemharibu?

Marahaba. Hujamharibu, na aliyemtisha si gauni.

Kuna jambo watu wengi hawalijui kuhusu watoto wa umri huo. Kwenye miaka mitatu mtoto anajua kujiita mvulana au msichana, lakini kwamba hali hiyo haibadiliki kwa kubadili nguo au nywele, hilo linakuja kukaa sawa baadaye, kwa wengi kati ya miaka mitano na saba hivi. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg aliandika habari hizi mwaka 1966 na wengi wamezifuatilia baada yake. Kwa hiyo mtu mzima akimwambia wa miaka minne utageuka msichana, anadhani anamtania au anamkanya, mtoto anaamini neno kwa neno kwamba mwili wake utabadilika usiku akilala. Ndo maana anajishika. Anakagua.

Mkalishe leo umwambie kwa maneno mepesi, wewe ni mvulana, ulizaliwa mvulana, ukivaa gauni kwenye mchezo ni wewe yule yule, ukilivua ni wewe yule yule. Mwambie tena kesho, na kila akiuliza mjibu bila kuchoka na bila kucheka. Gauni kwenye mchezo ni kitu cha kawaida kwa watoto, leo gauni, kesho kofia ya baba, keshokutwa anajifunga shuka anaruka. Mwaka 2012 Ujerumani kuna baba, Nils Pickert, aliandika jinsi alivyoamua kuvaa sketi ili mwanae wa miaka mitano aliyependa magauni asitembee peke yake machoni pa watu, wengi wakampongeza na wengine wakamsema. Mi sikwambii mufike huko. Mkiamua gauni libaki ndani ya nyumba ni haki yenu wazazi, na mwelezeni bila kumtisha, nguo hii tunachezea ndani, tukitoka tunavaa hii. Watoto wanapokea utaratibu, wanachoshindwa kubeba ni kitisho.

Jirani mwambie. Nenda mwenyewe mtoto asiwepo, umweleze kwamba mtoto halali vizuri tangu siku ile na unamwomba asirudie. Wengi wakisikia mtoto kaumia wanajirudi kweli.

Shangazi habari za kazi. Mimi ni baba, mke wangu anatoka mapema sana kwa hiyo asubuhi mtoto namvalisha mimi, ana miaka miwili na nusu. Namwachia achague, kwa hiyo tunatoka soksi moja nyekundu moja ya kijani, tisheti kageuza nje ndani. Kila siku kuna mtu ana neno, oo mama yake hayupo nini. Hilo nishalizoea. Lakini juzi mama mmoja mtu mzima kanisimamisha mbele za watu akanigombeza kuhusu kamba za kofia ya sweta lake, eti nataka kumnyonga mtoto, akazishika akazivuta nje nione. Nilikasirika sana. Watu wana haki gani?

Habari nzuri baba, na hongera kwa asubuhi hizo. Soksi mbili tofauti zinapasha joto sawa sawa na za kufanana. Mtoto wa miaka miwili na nusu aliyejivalisha tisheti, hata kageuza, kafanya kazi kubwa, kaingiza kichwa, katafuta mkono wa kwanza, katafuta wa pili, na wewe ulisubiri. Wengi hatusubiri, tunamvalisha kwa haraka alafu akifika miaka sita tunalalamika hawezi kitu. Anayekuuliza kama mama hayupo mjibu yupo, leo zamu yangu, na uendelee na safari. Ukimjibu kwa hasira mtoto atauliza baba kwa nini umekasirika, na utakuwa na kazi ya kumweleza kwamba ni kwa sababu ya soksi alizochagua yeye.

Kuhusu yule mama, namna aliyoitumia haikuwa nzuri, kumshika mtoto wa mtu nguo na kumgombeza baba mbele za watu hapana. Lakini alichosema ni kweli kabisa baba yangu na ninakuomba usikitupe kwa sababu ya sauti aliyokisemea. Kamba za kofia na za shingoni zimeua watoto. Zinanasa kwenye bembea, kwenye pengo la juu la bomba la kuteleza, kwenye uzio, kwenye mlango wa basi unaofungwa gari likiondoka, mtoto anaendelea kwenda na kamba inabaki. Marekani idara ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo mwaka 1996 kwamba nguo za juu za watoto zisiwe na kamba kofiani na shingoni, Ulaya nako wana kiwango chao kinachozikataza kwenye nguo za watoto wa chini ya miaka saba. Nguo za zamani, za mitumba na za kurithi bado zinazo, na hata mpya zingine zinapenya.

Ukifika nyumbani shika ncha moja ya kamba uivute polepole mpaka itoke yote, kama ina fundo kata fundo kwanza. Kofia itakaa vizuri tu bila kamba, ikilegea shonea lastiki fupi kwa ndani. Kamba ya kiunoni kama ipo iangalie, isining'inie, na ishonewe katikati mgongoni ili ikivutwa upande mmoja isitoke ndefu. Kagua na koti lake, na la dada yake kama anaye. Sweta aendelee kulivaa, hata kinyume akitaka.